Nilivyolifuata Jina la Boatwright hadi Sindo

Asubuhi tulipokubaliana kwamba niende, tulikuwa watu watano mlangoni: mimi Akinyi, mdogo wangu Okoth, kitindamimba wetu Awuor, pasta wa kanisa letu, na Mzee Chacha, mwenye shamba tulilopanga hapa Osiri. Wa sita angekuwa Ouma, anayenifuata mimi kwa kuzaliwa, lakini Ouma alikuwa mochari, Migori mjini. Shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka na kumfunika.

Mzee Chacha alivua kofia kabla ya kusema.

"Akinyi, mimi si mtu mbaya. Baba yenu alipokufa niliwapa ile kona mkamzika, kwa sababu mlikuwa watoto na hakuna mtu alijua kwao. Nikiongeza wa pili, hili linakuwa shamba la makaburi ya wageni. Wanangu wamekataa."

"Sasa tumpeleke wapi?" Okoth aliuliza.

"Kwa baba yake. Kila mtu ana kwao."

Hilo ndilo tulilokuwa hatulijui. Sisi Wajaluo humzika mwanamume kwenye boma la baba yake, na baba yetu hakuwahi kutupeleka kwake. Alisema kwao ni ziwani, basi. Hata kitambulisho hakuwa nacho. Alisema kilipotelea majini. Alipokufa, na mama akamfuata mwaka huohuo tukamzika kwao Muhuru Bay, mimi niliacha shule nikaanza kusaga mawe ya dhahabu ili hawa watatu wale. Sikupata nafasi ya kuuliza tumetoka wapi. Tulichoachiwa ni jina lake, Otieno Boatwright. Akina Otieno wamejaa kila soko. Boatwright sikuwahi kumsikia mwingine.

Pasta alikuwa amelitafuta kwenye simu yake. "Ni jina la kazi," alisema. "Zamani huko Uingereza aliyeunda boti aliitwa hivyo, na watoto wake wakabaki nalo hata walipoacha kazi yenyewe. Hata huko kwao ni wachache, wengi wao upande wa mashariki."

"Baba hakuwahi kushika hata kasia," nikasema.

"Basi yuko mtu kwao aliyeunda boti. Anzia hapo."

Watu wa mochari walitaka tumtoe Ouma kabla ya wiki kwisha. Nilifunga kanga mbili kwenye mfuko, nikamwambia Awuor asisahau kufungia kuku, nikaondoka.

Muhuru Bay nilifika jua likiwa kali. Mama alizaliwa huko, na dada yake mdogo, Mama Risper, bado anauza omena. Nilimkuta akigeuza samaki juu ya nyavu. Aliponiona alinitazama kwanza miguuni, kisha usoni.

"Nyathina, mwanangu, mbona umekonda hivi? Osiri mnakula mawe?"

Nilimweleza habari ya Ouma. Alikaa chini palepale kwenye omena, na wenzake wakaacha kazi wakaja kulia naye. Baadaye, tukinywa uji, nilimuuliza kuhusu baba.

"Alikuja hapa na boti ya watu wa Tanzania," alisema. "Walimtoa majini huko ndani. Mama yako akampenda, mimi nikamcheka, maana alikuwa akiona ziwa anageuza uso. Tulimwita Mzungu wa Nchi Kavu."

"Hakusema kwao?"

"Siku moja mfanyabiashara alitaja Sindo. Baba yako aliinuka akaacha chakula. Baada ya hapo akampeleka mama yako Osiri, mahali hakuna maji."

Kesho yake nilipanda pikapu iliyobeba magunia ya omena kuelekea Homa Bay. Nilikaa juu ya magunia na mwanamke mmoja. Kupita Karungu mvua ilitupiga, turubai ikafunikwa juu ya omena na sisi tukaachwa nje.

Sindo, jioni, nilimuuliza mama aliyekuwa akikaanga samaki ufuoni kama anajua mtu yeyote anayeitwa Boatwright.

"Yupi?" akasema bila kuinua macho. "Mwalimu, wa bodaboda, mwimbaji wa kanisa, au fundi?"

Miaka yote nilidhani jina hilo lilikuwa limebaki na watu wanne duniani.

"Fundi," nikasema.

Alinielekeza kwenye banda karibu na maji. Ndani kulikuwa na boti mpya, mbavu zake bado wazi, na mzee mwembamba akiziba nyufa kwa pamba. Huyo alikuwa Oyugi Boatwright.

"Wageni huja hapa wakitafuta Mzungu," alisema nilipomsalimu. "Wananikuta mimi. Halafu wanachungulia nyuma yangu."

Nikamwambia mimi ni binti wa Otieno Boatwright. Aliweka nyundo chini. Akaniambia nimfuate, lakini tulipofika kwenye ua wa boma lake alinizuia.

"Usiingie. Tazama ukiwa hapo."

Ng'ambo ya ua niliona misalaba ya saruji, na karibu kila mmoja una jina letu. Boatwright, Boatwright, Boatwright. Wa tatu kutoka mwisho ulikuwa wa baba. Otieno Boatwright. Mimi nilikuwa mtoto, lakini mkono wangu uliutupa udongo juu ya jeneza lake Osiri.

"Hapo ndani ni yago," alisema Oyugi.

Kwetu mtu akizama na mwili usionekane, tunda la yago huzikwa mahali pake, lile refu, zito, linaloning'inia kama mkono. Likishazikwa, mtu huyo amekufa. Akitokea hai, haingii bomani hadi wazee wamfanyie tambiko.

"Boti yao ilipinduka," aliendelea. "Tulitafuta, hatukupata mtu. Baba yetu akasema tuzike yago. Msimu uliofuata Otieno akaja. Alisimama hapo uliposimama wewe, akaniita."

"Ukafanya nini?"

"Nilikimbia." Alikohoa. "Wazee walikuwa tayari kwa tambiko. Baba akakataa, akasema yeye ni mtu wa kanisa, hafanyi mambo ya shetani. Mimi nikamwambia, lakini yago ulizika. Otieno alikaa nje ya ua siku nzima. Mama alimpitishia chakula juu ya miiba. Jioni hatukumwona tena."

Nikamuuliza jina lilikotoka.

"Babu yako aliunda boti na Mzungu mmoja mwenye jina hilo, aliyekuja na kazi ya boti za biashara. Hakuwa na mtoto. Siku ya ubatizo wenzake babu walichagua Petro na Yohana, yeye akataka jina la yule aliyemfundisha kazi. Sisi wanawe tukalichukua, na wanetu wakalichukua. Mzungu aliondoka. Sisi tumebaki tukizaana nalo."

Ndipo nikamwambia kuhusu Ouma, na mochari, na Mzee Chacha.

"Ouma alizaliwa wakati baba yake ameshazikwa hapa," akasema. "Nikimzika, nitawaambia watu ni mtoto wa nani? Na mtoto atalalaje kwenye boma kabla baba yake hajalala? Rudi kwenu, mama. Hii imenishinda."

"Sina kwetu pengine, Baba Mkubwa. Baba alikaa hapa siku moja akaondoka. Mimi siondoki."

Aliingia ndani. Mimi nilikaa chini kwenye majani, nje ya ua, nikajifunika kanga. Mkewe alileta ugali akaupitisha juu ya miiba, machozi yakimtoka, kwa sababu aliwahi kumwona mama mkwe wake akifanya vilevile.

Asubuhi nilisikia msumeno. Oyugi alikuwa amebomoa mbao za ubavuni za boti ile mpya na kuzipanga chini. Alikuja hadi kwenye ua na kamba ya kupimia.

"Nyar omera," aliniita, yaani binti wa ndugu yangu. "Ouma alikuwa na urefu gani?"

Nilimwonyesha juu ya kichwa changu. Akatoa miiba ya lango kwa mikono yake.

Wazee walikuja na kondoo wa tambiko na wakatoa sharti lao. Ouma atazikwa pembeni, kama mgeni anayemngoja mwenyeji, na sisi tutamleta baba kutoka Osiri alale mahali pake. Nilikubali mbele yao wote.

Migori mimi na Oyugi tulifika na jeneza la mbao za boti juu ya gari la kukodi. Okoth na Awuor walikuwa wakingoja mochari. Awuor alimtazama Oyugi, kisha akaninong'oneza, "Ana masikio ya Ouma." Ilibidi nitoke nje.

Sindo, siku ya maziko, kabla ya kumteremsha Ouma, Oyugi alifukua kaburi la ndugu yake peke yake, ili atoe yago. Hakutaka kusaidiwa. Alichimba hadi kifuani na hakukuta tunda wala mbegu. Alitoka akiwa ameshika udongo mkononi, hajui auweke wapi. Mwishowe akauweka mfukoni.

Nimerudi Osiri. Okoth amebaki Sindo anajifunza kuunda boti, na nimefurahi kwamba hatashuka shimoni tena. Nimejifunza kwamba baba hakutuficha kwao. Kwao ndiko kulikokuwa kumefungwa. Ruhusa ya kumfukua bado inatafutwa kwa chifu. Mzee Chacha amekubali, lakini wachimbaji wamepata mwamba wa dhahabu upande wa kona alipolala baba, na kila jioni wanapotoka shimoni naenda kutazama wamefika wapi. Leo wako karibu na mti wa mpaka wa kona ile.

Kule Sindo kaburi la baba liko wazi. Oyugi amelifunika kwa mbao zilizobaki za boti, akapigilia misumari miwili tu, ili isiwe kazi kuzing'oa.