Kaya Namba Thelathini na Moja

Petronila wa Nyegina alizikwa wakati wa Kwaresima, na tangu siku hiyo mumewe, Stanislausi, hakuwahi kutamka kwa kinywa chake kwamba amekufa. Hakuhitaji. Katekista alitangaza kanisani. Shemeji yake, Gaudensia, alipiga simu kwa ndugu wote hadi Bunda, kisha akaenda parokiani kumwandikisha marehemu. Stanislausi alichimba, akabeba, akafukia. Watu wakampa pole, akaitikia. Mambo yakaishia hapo.

Mwezi wa saba akaja binti wa chuo kule Butiama. Jina lake Brenda, mwaka wa mwisho, miwani, viatu vyeupe ambavyo vumbi la Nyegina lilivimaliza kabla hajafika mlangoni. Alikuwa anatafiti nani anawasaidia watoto kusoma nyumbani. Alikuta mzee anamenya mihogo peke yake, maana wajukuu wawili anaoishi nao walikuwa shule.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Nina dodoso fupi tu. Hapa nyumbani mnaishi watu wazima wangapi?"

Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Wawili," Stanislausi akasema.

"Bibi yuko wapi?"

"Bugwema. Kwa ndugu zake. Atarudi."

Uongo ukishatoka mdomoni kwa mtu asiyeuzoea, haurudi ndani. Brenda akauliza nani anawasomea watoto. Petronila. Kila siku? Kila siku, baada ya kula. Anasoma nini? Vitabu vya shule, Injili, karatasi la kufungia sukari likiwa na maandishi. Akikosea mtoto anafanyaje? Hapigi. Anakohoa kidogo, mtoto anajua, anarudia. Binti akacheka, akaandika. Mzee akaendelea bila kuulizwa: jinsi alivyojifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, jinsi alivyokuwa akiazima miwani ya katekista na kusahau kuirudisha. Mihogo ikabaki vile vile mpaka jua lilipoingia mlangoni.

Binti akashukuru, akaenda zake.

Mwezi wa kumi na moja simu ikalia.

"Babu! Ni mimi Brenda. Kaya yenu imeongoza! Kaya sitini, na mjukuu wako Recho ndiye amesoma vizuri kuliko watoto wote tuliowapima shuleni. Sasa sisi wanafunzi tumeandaa Siku ya Utafiti wa Elimu hapa chuoni. Tunawaomba mje, wewe na bibi. Bibi atasoma mbele ya watu dakika tano tu. Wahadhiri wanataka kumwona kwa macho."

"Haya," akasema Stanislausi.

Akaiweka simu mezani, taratibu, kama yai.

Gaudensia anauza samaki wa kukaanga Nyasho. Aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akaegemea meza ya samaki, kisha akafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko yote.

"Shemeji! Miezi minane hutaki kusema dada yangu amekufa, kumbe umemfufua na kumpa kazi juu?"

"Sikukusudia."

"Na mshahara je, unapokea wewe?"

"Gaudensia."

"Haya, nimenyamaza. Mpigie huyo mtoto, umwambie ukweli. Kazi yake itaharibika, atafukuzwa chuo kwa ajili yako."

Stanislausi akachukua simu, akapiga. Brenda akapokea. Mzee akavuta pumzi. Gaudensia akamtumbulia macho.

"Gari linakuja saa ngapi?" akauliza mzee.

Akakata simu. Gaudensia akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Basi nitaenda mimi," akasema. "Sura ni ile ile, sauti ni ile ile, na mimi nilifika la saba. Nikivaa ile gauni yake ya bluu, nani atajua?"

"Hapana."

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Ndiyo sababu Jumamosi, gari la chuo lilipofika Nyasho, waliingia wawili: mzee ndani ya koti la harusi za wenzake, na shemeji yake ndani ya gauni la bluu. Njia nzima hadi Butiama mzee hakulitazama gauni hilo. Alitazama mashamba.

Wanafunzi walikuwa wamevaa tisheti za kijani zinazofanana, na walikimbia huku na kule kuliko wapishi wa kipaimara. Mashine ya kuonyesha picha ukutani iligoma, ikapigwa kofi, ikakubali. Mshereheshaji, kijana mmoja anaitwa Gody, alisema "bila kupoteza muda" mara tano, na kila mara akapoteza.

Wakasimama watafiti, mmoja baada ya mwingine. Kijana wa kwanza alikuwa ametafiti miezi minne akagundua kwamba mtoto mwenye njaa hasikilizi darasani. Watu wakapiga makofi.

Gaudensia akamnong'oneza shemeji yake. "Hilo hata mama alikuwaga analijua. Na hakupewa tisheti."

Stanislausi hakucheka. Alikuwa ameshika magoti yake mawili kama mtu anayezuia yasiondoke.

Ikaja zamu ya Brenda. Sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa sababu mbele kabisa alikaa Dokta Hyasinta, mwalimu wake, mama mnene mwenye kalamu nyekundu. Ukutani pakatokea vidoa vingi vya bluu. Kila kidoa ni kaya moja, Brenda akaeleza. Kadiri watoto wanavyosomewa na mtu mzima, ndivyo kidoa kinavyopanda. Na juu kabisa, peke yake, palikuwa na kidoa chekundu.

"Hii ni kaya namba thelathini na moja," Brenda akasema, na sasa sauti haikutetemeka tena. "Kuna bibi pale ambaye alijifunza kusoma ukubwani. Akikosea mtoto, hapigi. Anakohoa kidogo tu. Na leo tunaye humu ndani. Bibi, karibu!"

Makofi. Gaudensia akakaza kilemba chake, akakohoa kidogo kujaribu, akaanza kunyanyuka.

Kile kikohozi ndicho kilichomshinda mzee. Akamshika shemeji yake mkono, akamkalisha. Akasimama yeye.

"Huyu siye," akasema.

Gody akamletea kipaza sauti. Stanislausi akakipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kichanga cha jirani.

"Huyu ni shemeji yangu. Mke wangu ni Petronila." Ukumbi mzima ukamsubiri. "Petronila amekufa. Kwaresima hii iliyopita. Binti alipokuja, alikuwa ameshakufa. Nilimdanganya. Kosa siyo lake."

Brenda pale mbele alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Dokta Hyasinta akageuka kwenye kiti chake. Kalamu akaiweka chini.

"Pole sana, mzee. Lakini kwa nini ulimwambia yupo?"

Stanislausi akafikiri.

"Aliniuliza habari zake," akasema. "Wengine wote walikuwa wananipa pole. Yeye aliniuliza."

Gaudensia akakilegeza kilemba chake.

"Na sasa watoto wanasomewa na nani?" Dokta akauliza, polepole.

"Hawasomewi. Recho ananisomea mimi."

"Wewe unajua kusoma?"

"Hata herufi moja."

"Sasa akikosea unajuaje?"

"Anaharakisha. Mtu akiharakisha, kuna kitu anaruka. Namwambia arudi."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, na Dokta akacheka nao. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake, na uso ukarudi wa kazi.

"Brenda, unajua la kufanya."

"Ndiyo, mwalimu. Namba hii inatoka."

Mzee akaacha kiti chake, akapita katikati ya watu hadi ukutani. Akainyoosha shingo.

"Ndiyo hiki? Chekundu?"

"Ndiyo hicho, babu."

"Ukikiondoa, kazi yako inakufa?"

"Haifi. Inashuka kidogo. Itabidi niandike niliteleza wapi. Nilitakiwa nirudi mara ya pili kuhakiki, sikurudi."

Stanislausi akakitazama kidoa. Alikitazama sana, Gody akaangalia saa, Dokta akamwashiria amwache.

"Haya," akasema mzee. "Kitoe."

Brenda akabonyeza. Pale juu ukutani pakabaki peupe. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake, akakaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalitazama gauni la bluu. "Linakubana," akamwambia Gaudensia.

"Dada alikuwaga mwembamba," akajibu Gaudensia, na wote wawili wakainama.

Mchana wakapewa wali na sato chini ya turubai nje. Brenda akaja na sahani yake, macho bado mekundu. Mzee akajiandaa kulaumiwa. Binti akakaa kwenye nyasi karibu na kiti chake, hana simu, hana karatasi.

"Babu, samahani. Na ile miwani ya katekista? Bibi aliirudisha?"

"Nani? Petronila?" Mzee akaweka kijiko chini. "Alizikwa nayo. Katekista mwenyewe alisema aende nayo. Lakini ngoja nianzie mwanzo. Nilimwona mara ya kwanza ziwani, anagombana na mtu mzima kwa ajili ya ndoo..."

Jua likasogea. Wali ukapoa. Vijana wa tisheti wakaanza kukunja turubai, wakawaacha wale watatu na kiti kimoja juani. Dereva akapiga honi mara mbili.

"Shemeji, gari hiyo inatuacha!" Gaudensia akaita.

"Mwambie asubiri," akasema Stanislausi bila kugeuka. "Bado hata sijamposa."