Drakma Mkononi mwa Stergios

Evanthia aliamka Jumamosi ile akiwa na jambo moja tu kichwani: mifupa ya mumewe itatoka na rangi gani.

Miaka mitano ilikuwa imetimia tangu azikwe, na kijijini kwao maiti haachwi ardhini milele. Uwanja wa makaburi ni mdogo na watu hawaachi kufa. Unafukuliwa, unaoshwa kwa divai, unatiwa kwenye sanduku la bati, kisha unapelekwa katika kijumba nyuma ya kanisa ukakae na babu zako. Mifupa ikitoka ya njano safi kama nta, watu hushukuru na kunywa kahawa, kwa maana marehemu amepumzika. Ikitoka myeusi, au kikionekana chochote kisichoeleweka, midomo huanza. Alikuwa na dhambi huyu. Ana kinyongo. Kuna mtu ambaye yeye hajamsamehe.

Evanthia alimjua mtu huyo ambaye huenda Stergios hajamsamehe. Alikuwa yeye mwenyewe. Na kosa lenyewe mtu wa mbali akilisikia atacheka, maana alichofanya ni kumsafishia sarafu.

Stergios alikuwa na kibanda cha sigara na magazeti uwanjani, mbele ya mkahawa, na kila sarafu ya drakma ya kijiji kile ilipita mkononi mwake. Mwenye duka mwingine akipokea pesa huangalia zimetimia. Stergios alizigeuza moja moja, mbele na nyuma, mteja amesimama juani anangoja chenji yake na kumlaani kimoyomoyo. Jioni alirudi nyumbani na kopo, akalimwaga juu ya meza, akabandika jichoni kioo cha kukuzia cha fundi saa. Evanthia alikuwa ameshaepua maharage na sahani hazina pa kukaa.

"Stergios, leo tunakula pesa?"

"Ngoja kidogo, mke wangu."

Kidogo hicho kilikwenda miaka thelathini na kitu.

Aliyoipenda kupita zote haikuwa ya fedha wala ya kale. Ilikuwa drakma ya shaba, moja ya zile za siku za mwisho kabla ya yuro, ile yenye mama shujaa wa vita vya baharini aliyejifunga kitambaa kichwani. Mtoto mmoja alikuja nayo kununua ubani wa kutafuna. Kiwandani ilikuwa imeteleza chini ya mashine, muhuri ukaipiga pembeni, kwa hiyo yule mama alibaki na nusu ya kichwa na upande mmoja wa sarafu ukawa mtupu kama kipara. Stergios alimpa mtoto ubani, akamwongezea biskuti, na wiki nzima alitembea kama aliyeoa upya.

Waliotaka kuanza mchezo huu wa sarafu walimjia palepale kibandani. Mmoja wao alikuwa Zisis mwenye bucha, mtu mzima wa miaka arobaini, mikono kama makasia. Siku moja alikuja mbio na aproni yake ya damu.

"Mzee Stergios, nimepata. Kosa la kiwanda. Tazama ilivyorefuka."

Stergios aliishika kwa ukingo, akaitazama, akamtazama Zisis.

"Reli inapita nyuma ya nyumba yenu, siyo?"

"Inapita, ndiyo."

"Na watoto wa dada yako walikuja Pasaka."

Mkahawa mzima ulicheka. Zisis akawa mwekundu kuliko nyama yake. Lakini Stergios hakucheka, alimvutia kiti. "Sikiliza. Kosa ni lile ambalo sarafu imezaliwa nalo. Likiipata nje ya kiwanda, hilo ni jeraha, na barabarani majeraha yamejaa. Kabla hujafurahi, jiulize mashine ingefanyaje kitu hiki. Ukishindwa kunieleza, basi aliyefanya ni mtu na nyundo. Au treni."

"Na uchafu? Nyingine nimezipata zimekuwa nyeusi. Nikazisugua na dawa ya meno, zikang'aa."

Stergios alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Ule weusi ni ngozi yake, Zisis. Imeivaa miaka mingi, ndiyo inayoilinda. Kama ina udongo, iloweshe kwa maji matupu, uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa, usisugue. Ukiona shaka, iache ilivyo. Limau, chumvi, siki, majivu, hivyo ni vya jikoni. Ukiisugua umeichuna."

"Mimi nachuna kila siku."

"Ndiyo, lakini wako huwa umeshawachinja."

Evanthia aliyasikia hayo mara nyingi hata akachoka kuyasikia. Yeye alikuwa mwanamke wa kusugua. Kizingiti chake ungeweza kulia chakula, na sufuria zake wanawake wengine walijitazamia nywele. Lakini vile visarafu vyeusi vya mumewe hakuvigusa hata siku moja, akapangusa vumbi kuvizunguka. Hiyo ndiyo heshima aliyompa, na Stergios alijua ilivyomgharimu.

Kisha Februari moja Stergios alianguka kibandani, na hakuinuka.

Wanawake walimwosha, wakamvika suti ya harusi. Wifi yake Evanthia, Lemonia, dada wa marehemu, ndiye aliyesema atiwe mkononi kitu alichokipenda. Evanthia akaenda moja kwa moja kuichukua ile drakma ya nusu kichwa. Aliitazama kiganjani. Ilikuwa nyeusi kama buni iliyokaangwa. Mbele yake ilikuwa siku nzima ya watu kuingia na kutoka, jamaa za mjini, padri, na mume wake amelala pale na kitu kichafu mkononi kama mtu asiye na mke. Limau lilikuwa mezani, na chumvi pembeni yake. Hakuwaza. Mikono yake ilifanya kile ilichojua kufanya siku ya msiba. Alisugua mpaka ikang'aa kama sufuria mpya, akaiweka kati ya vidole vya mkono wa kulia, na wanawake wote wakasema, angalia inavyopendeza.

Zisis alikuja kuaga maiti. Akaubusu mkono, akauona ule mng'aro, akapiga ishara ya msalaba na kutoka bila hata kuonja brandi.

Siku ya arobaini, watu wakila ngano ya kuchemsha ya kumwombea marehemu nje ya kanisa, Evanthia alimfuata.

"Siku ile uliona nini kwa mume wangu?"

"Niache, Bi Evanthia."

"Sema, mwanangu. Nitakuja bucha kila siku mpaka useme."

Zisis alitazama viatu vyake. "Umemchuna," akasema.

Alijuta neno likiwa bado mdomoni, hilo lilionekana. Lakini lilikuwa limeshatoka. Evanthia akaenda nalo nyumbani, akalala nalo miaka mitano. Hakumwambia padri, kwani angemwambia nini? Kwamba amesafisha drakma? Lakini akisugua sufuria mkono ulikuwa unasimama wenyewe. Miaka yote ile Stergios alimkataza jambo moja tu, na siku ambayo hakuweza kusema, hilo hilo ndilo alilofanyiwa.

Sasa wanaume walikuwa wameliinua lile jiwe la kaburi, Zisis akibeba upande mzito, kisha wakakaa kando ukutani, maana kufukua ni kazi ya wanawake. Lemonia alisimamia. Mkwewe Fani, mke wa mwanawe, alichimba.

"Polepole, wewe. Hapa hulimi viazi."

"Nikienda polepole zaidi, mama, tutafika Krismasi."

"Na tufike. Huyo ni kaka yangu."

Padri Neofitos alijifanya hasikii, akahesabu shanga zake. Evanthia alisimama ukingoni na leso nyeupe mikononi. Mbao zilizooza zilitoka. Kitambaa cha suti kikatoka. Kisha Fani akatupa koleo, akaingiza mikono, akainua fuvu.

Lilikuwa la njano safi. Kama nta, kama wanavyoomba watu wote.

Lemonia alilia kwa sauti, akaanza kumwimbia kaka yake wimbo wa maombolezo, na wengine wakaitikia. Evanthia alilipokea fuvu kwenye leso, akalibusu kipajini. Alijiambia, basi, imekwisha, amelala vizuri, mjinga wewe uliyejitesa bure. Mifupa ikaendelea kutoka, mbavu, mabega, yote safi, ikitiwa kwenye beseni la divai.

Kisha Fani akainua mkono. Kiganjani mwake palikuwa na mifupa midogo ya vidole vya mkono wa kulia, na ilikuwa ya kijani. Kijani kibichi, kama majani ya mzabibu.

Nyimbo zilikufa mdomoni. Mwanamke mmoja nyuma alianza kumnong'oneza mwenzake.

"Lete hapa," alisema Lemonia. Akaitumbukiza kwenye divai, akasugua kwa kidole gumba, akasugua kwa pindo la gauni lake. Divai ikatiririka. Kijani hakikutoka. "Fani, kimbia nyumbani. Niletee klorini na brashi ya sakafu."

"Klorini, mama? Hapa?"

"Unataka wamwone hivi? Kimbia." Na huku akachukua mchanga, akaanza kusugulia mchanga.

Evanthia aliutazama ule mfupa mdogo. Uso wa mfupa ulikuwa unabanduka, unga mwembamba ukibaki kwenye vidole vya Lemonia.

"Wifi, acha."

"Nikiacha watasema nini?"

"Watasema. Acha, unamkwangua."

Alimpokonya, kwa upole lakini alimpokonya. Kisha akageuka kuelekea ukutani. "Zisis. Njoo."

Zisis alikuja amevua kofia. Aliinama juu ya kile kijani muda mrefu. Fani, ambaye hakwenda kokote, akampa na sarafu yenyewe, aliyoikuta kwenye udongo, donge lenye magamba. Zisis aliishika kwa ukingo.

"Ni shaba," alisema. "Shaba ikilala na mfupa penye unyevu, inautia rangi. Nilifukua mbuzi mmoja wa baba, mbuzi aliyezikwa na kengele ya shaba, shingo yake ilikuwa hivi hivi."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyefanya."

"Drakma ndiyo iliyofanya."

"Na drakma iliwekwa na nani?" Evanthia alimtazama usoni. "Niambie kweli. Amenikasirikia?"

Zisis hakutaka kukosea mara ya pili. "Mimi nauza nyama, Bi Evanthia. Shaba imefanya nini, hilo najua. Yeye, sijui."

"Na hii yenyewe? Bado ni kitu?"

"Nisikudanganye. Kutu imeshaingia ndani, inaila. Hakuna atakayeinunua. Lakini kosa lake la kuzaliwa lipo, pitisha kucha hapa, utauona ukingo wa kichwa umekatika."

"Ichukue basi. Alikupenda."

Zisis akairudisha upesi mkononi mwa Evanthia. "Sichukui. Nikiwa nayo nyumbani, Jumapili moja nitataka kujua chini ya kutu kuna nini. Najijua."

Lemonia alikuwa ameshaanza kulipanga sanduku, mapaja chini, mbavu juu yake. Alinyoosha mkono. "Nipe hivyo vidole, nivifiche chini kabisa, nifunike na leso. Sasa hivi watapita kumbusu."

Evanthia hakumpa. Aliweka fuvu juu kama desturi, kisha akatandika leso nyeupe kando yake, akavipanga vile vidole vya kijani hapo juu, kimoja kimoja, na drakma katikati yake, mahali ambapo asiyetaka kuona angelazimika kufumba macho.

"Wifi, umerukwa na akili?"

"Nilimsafishia kwa ajili ya watu, na wote mkasifu. Acheni muone kilichotokea."

Lemonia alishusha mkono aliokuwa ameunyoosha. Yeye ndiye aliyesema atiwe kitu mkononi, na labda ndipo alipokumbuka. Akasogea, akashika upande wa pili wa sanduku.

Padri alimimina divai kwa alama ya msalaba, kijani na njano vyote vikalowa, akaimba. Watu wakaanza kupita. Kila mmoja aliinama, akalibusu fuvu, akasema, "Mungu amsamehe." Na kila mmoja alikitazama kile kijani. Bibi mmoja jirani ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza.

"Evanthia, mkono huu umepatwa na nini?"

"Ni sarafu yake. Niliisugua alipokufa, na alikuwa amenikataza. Nimekuja kumwomba radhi."

Alisema hayo waziwazi, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya. Yule bibi aliinama akalibusu fuvu, kisha, kwa sababu alikuwa mzee na hakuona haja ya kuharakisha, akavigusa vile vidole kama anavyogusa mtu mkono wa mgonjwa. Aliyemfuata akafanya hivyo hivyo. Na wa nyuma yake.

Zisis alikuja wa mwisho. Alipiga magoti yote mawili, na mwili wake ule, akasogeza mdomo karibu na fuvu, lakini alisema kwa nguvu kiasi cha kusikika mpaka ukutani.

"Mzee Stergios, mkeo nilimwambia neno, kwenye arobaini yako. Halikuwa la kumwambia mfiwa. Nisamehe na mimi."

Evanthia alingoja mpaka akainuka. Kisha akasema, "Inatosha," akachukua kifuniko, na yeye na Lemonia wakakishusha pamoja.