AI ya ofisi yangu ilivyomwua mama yangu kwa WhatsApp, na bado mpunga ukavunwa

Wakuu, nawasalimu nikiwa Garsen, jua kali na roho safi. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe. Asiyeamini apite kijijini kwetu Idsowe aulize, hata watoto wadogo watamsimulia.

Kwanza mnijue.

Niliondoka hapa kwenda Doha kufagia kambi ya wafanyakazi. Nilirudi nikiwa timekeeper wa kambi nzima, na Diploma ya Human Resource niliyoisoma jioni baada ya shift. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna harambee. Ile nyumba ya matofali yenye mabati ya bluu pale Idsowe, anapokaa mama, ni jasho langu. Sijisifu, naeleza tu.

Sasa mimi ndiye HR wa shamba moja la mpunga kando ya mto. Nikisema HR namaanisha mimi, meza, na simu ya ofisi yenye profile picture yangu nikiwa na suti.

Basi shamba likapanuliwa, vibarua wakaongezeka, na ile simu ikakosa kupumua. Nani yuko shift ya asubuhi? Gumboots zangu ziko wapi? Naomba leave, mke amejifungua. Swali lile lile, watu ishirini tofauti.

Meneja wetu, tunamwita Madam, akaniita.

"Komora, nikuletee mtu wa Nairobi akusaidie?"

Wakuu, mimi? Wa Doha?

Nikamwambia, "Madam, ngoja mavuno. Nikishindwa kujaza watu shambani, mlete huyo wa Nairobi na kiti changu akikalie."

Maneno yakishatoka hayarudi. Nikakaa chini nikaunganisha AI na WhatsApp ya ofisi. Nikaipa kanuni za leave, ratiba za shift na siku za malipo. Ukituma hata voice note, inasikiliza na kukujibu. Swali gumu inaniletea mimi.

Hapa niweke angalizo: mambo ya ugonjwa wa mtu na namba ya kitambulisho sikuipa, na hakuna anayeajiriwa wala kufukuzwa na mashine. Hiyo ni kazi ya binadamu mwenye macho.

Nikaiagiza ijibu kwa ufupi na isijieleze eleze. Watu wana kazi.

Siku za mwanzo nilikuwa mfalme. Simu inajijibu, mimi nakunja nne. Madam akipita anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha mpunga ukaiva na ndege wakaanza kushuka kwa makundi. Mpunga ulioiva hausubiri mtu. Ukichelewa, ndege wanavuna kabla yako. AI ikatuma ujumbe kwa vibarua wote: thibitisha kama utakuja mavuno.

Kimya.

Tiki za bluu zimejaa, jibu hakuna. Nikatuma tena. Kimya. Madam akanichungulia dirishani, safari hii bila kutikisa kichwa. Nilikiona kile kiti kikinitoka.

Ndipo akaingia Mzee Barisa. Ni Mworma, wa jamii ya wafugaji, mtu mzima, msimamizi wa kikosi cha kufukuza ndege. Akakaa polepole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Komora, pole sana. Mungu akupe subira."

"Pole ya nini, mzee?"

"Ya mama. Na ya mifugo. Yaani vyote kwa mpigo mmoja!"

"Nani amekuambia mama amekufa?"

"Si wewe!" Akatoa simu yake akanionyesha.

Wakuu, sisi watu wa huku hatuanzi na shida. Kwanza unauliza watu wa nyumbani, halafu mifugo, halafu mvua, ndipo unafika kwenye jambo lako. Mzee alituma voice note ya adabu kabisa: mama hajambo?

AI ikamjibu: "Sina mama. Je, unahitaji msaada kuhusu shift?"

Mzee akashtuka. Akauliza, na mifugo je?

"Sina mifugo. Tafadhali thibitisha shift yako."

Mashine haikudanganya. Kweli haina mama, na mbuzi itawaweka wapi? Lakini picha pale juu ni yangu, na suti ni yangu.

"Sasa kwa nini watu hawathibitishi?" nikamuuliza.

"Komora, Doha ilikuharibu? Mtu aliyefiwa anasumbuliwa na habari za shift? Nimewaambia wote, tukanyamaza kwa heshima. Na wenzetu wameshaenda Idsowe na sukari."

Kabla sijajibu, mama akapiga simu.

"Wewe mtoto! Mimi nimekufa lini?"

"Mama, ni kompyuta..."

"Kompyuta ndiyo nini? Uwanja wangu umejaa watu wa kijiji cha Wema, wameleta majani ya chai na mbuzi. Mwanamke mmoja ameniona nikitoka jikoni, ametupa kapu akakimbia. Njoo unifufue!"

Nikapanda boda na Mzee Barisa. Kufika, nikaona maajabu. Wale wote niliokuwa nawatafuta kwenye simu wamekaa kwenye mikeka ya mama yangu.

Nikasimama nikaeleza kwamba aliyewajibu si mimi, ni programu.

Mama mmoja wa Kipini akauliza, "Sasa huyo asiye na mama, kazaliwa na nani?"

"Na mbuzi wako?" mwingine akadakia.

"Wazima wote!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakalala kwenye mikeka.

Mama akasimama. "Mmenililia, asanteni, nimewajua wanaonipenda. Mbuzi mliyemleta harudi, atachinjwa. Lakini atakayekula nyama ya matanga yangu, kesho awe shambani kwa mwanangu kabla ndege hawajaamka."

Nikafungua simu pale pale. Kila mtu akataja jina, anakotoka, na kama ana mtoto mchanga. Nyama haijaiva, AI imeshanipangia ratiba: watu wa Wema trela moja, wanaonyonyesha mashamba ya karibu. Kwa mkono ningekesha. Nikaipitia, nikarekebisha wawili ambao hawasemezani, nikaisoma kwa sauti.

Kesho yake shamba likajaa. Ndege walizunguka juu wakakosa pa kutua.

Madam akasimama ukingoni. "Hawa wote umewapata kwa AI?"

"Kwa AI na mama yangu, Madam."

Habari za mtu wa Nairobi sijazisikia tena.

Sasa nimeondoa picha yangu. Ujumbe wa kwanza unasema wazi: mimi ni msaidizi wa kompyuta, si Komora. Salamu haizijibu, inaniletea mimi, na kila asubuhi nazijibu kwa sauti yangu mwenyewe. Za Mzee Barisa peke yake ni robo saa, maana lazima tufike kwenye mvua.

Nilichojifunza ni hiki. HR mwenzangu uliyezidiwa, kazi ya kurudia rudia mpe AI bila woga. Lakini muda inaokuokolea usiutumie kukunja nne kama mimi. Utumie kuuliza watu habari za kwao, kwa sababu wanaokuja shambani ni wao.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaoitumia maofisini, imewafanyia nini? Na wewe uliyewahi kujibiwa na mashine ukidhani ni mtu, tuambie ilikujibuje. Ila mtumie lugha ya heshima: mama nimemfungulia akaunti humu, na comments anazisoma zote.