Mafuta ya Nazi Kwenye Hadubini

Mwaka ule wa uhuru nilikuwa na kazi ambayo mama yangu alishindwa kuwaeleza majirani zetu wa Kirumba. Alisema tu, "Binti yangu anaangalia pamba." Wao wakamjibu, "Nani haangalii pamba?" Usukuma nzima pamba tupu!

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kituo cha utafiti nje ya mji. Nilichana nyuzi za pamba kwa kitana, nikazilaza juu ya kioo zimenyooka, nikazidondoshea magadi makali, kisha nikatazama kwa hadubini. Uzi uliokomaa hunywa magadi ukavimba, ukawa mviringo. Uzi mchanga hubaki bapa kama utepe. Mabapa yakizidi, mbegu hiyo haiendi kwa wakulima, inachomwa. Kwa kuchana nyuzi hakuna aliyeniweza pale, na maringo nilikuwa nayo, sikatai.

Siku moja tukaambiwa mpiga picha anakuja kutupiga tukiwa kazini. Mama akanidaka mlangoni na chupa ya mafuta ya nazi. "Utokee kwenye picha umepauka, watu waseme hulishwi?" Akanipaka mpaka vidoleni. Nikapigwa picha nimeinama juu ya hadubini, nang'aa kwelikweli.

Mpiga picha alipoondoka nikashika pamba ya mzee mmoja wa shamba la kituo, aliyekuwa ameilea mbegu ileile misimu sita. Kila asubuhi nikimwamkia alinijibu, "Marahaba, daktari wa pamba. Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Nikatazama. Mabapa. Kioo cha pili, mabapa. Nikaandika nilichokiona, nikampelekea bwana mkubwa wa kituo. Akasoma, akasikitika, akaamuru magunia ya mzee yatolewe ghalani yakachomwe.

Nikaenda kunawa. Maji yakateleza juu ya mikono, hayashiki. Nyuzi zote nilikuwa nimezipaka mafuta kwa vidole vyangu. Magadi yangeingilia wapi?

Hakuna aliyejua. Ningenyamaza, kazi ningebaki nayo, na kazi ile niliipenda kuliko kula. Lakini dirishani nilimwona mzee kasimama kando ya magunia yake, kofia mkononi, kama yuko msibani. Nikatoka mbio kwa bwana mkubwa.

"Bwana, pamba haina kosa. Kosa ni langu. Nimejipaka mafuta kwa ajili ya picha."

Akaitazama mikono yangu. "Nawa. Rudia. Nasubiri hapahapa."

Nikajisugua kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikawaka. Vioo vitano nilivitengeneza. Nyuzi zikavimba, nono, mviringo, moja baada ya nyingine! Bwana mkubwa akachungulia mwenyewe, akatoka haraka kuwazuia wenye kiberiti. Sikufukuzwa, nilipigwa marufuku ya mafuta tu.

Mzee alipoambiwa, nilijua atanitukana, na haki alikuwa nayo. Akaingia, akakaa sakafuni, akacheka mpaka akakohoa. "Daktari, nusura uniulie mtu kwa urembo wako!" Halafu kicheko kikageuka kilio. Nami nikalia, nikamwomba radhi.

Alipotulia, akauliza kama anaruhusiwa kuchungulia. Misimu yote sita hakuna aliyewahi kumkaribisha kwenye kile kiti, hata mimi. Nikampisha. Akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu, midomo ikimcheza.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akaiambia pamba yake.