Bwawa la Mke Wake

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la pembejeo Ubaruku. Mbele yangu mzee mmoja aliweka ndoo kaunta. Ndani walielea perege watatu, wamekufa.

“Binti, ulisema dawa hii inaua magugu tu.”

Muuzaji akaichungulia ndoo. “Pole, baba. Ulipulizia bwawa zima?”

“Lote. Mke wangu amelazwa Mbeya. Bwawa ni lake, nilitaka akirudi alikute safi.”

“Magugu yakifa yote kwa mpigo yanaoza, hewa inaisha majini. Samaki wanakosa pumzi.”

Mzee alivua kofia, akaifinya mikononi. Akampa binti simu yake, akamwomba ampigie mkewe. Binti akapiga, akaweka spika.

“Mama, nimeua samaki wako,” mzee akasema.

Sauti dhaifu ikauliza: “Wote?”

“Wote.”

“Basi, tutapandikiza vifaranga wengine wa samaki. Hao usiwale. Lakini wewe umekula?”

Foleni nzima tuliangalia pembeni. Nimeoa miaka mingi, na sijawahi kukiri kosa vizuri namna ile, wala kusamehewa haraka hivyo.

Mzee alijibu kwa sauti ndogo, “Bado.”