Chumba cha Fridley, Kazi ya Savage

Safari hii niliianza kwa udadisi, tena ule wa kupindukia. Kila aliyerudi kutoka Marekani alikuwa na lake la kusimulia, na mimi hadithi za kusimuliwa hazinishibishi. Nasomea uendeshaji wa hoteli na nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Chuoni lilibandikwa tangazo la viza ya wanafunzi: unakwenda kufanya kazi likizo ndefu, unatembea kidogo, kisha unarudi darasani. Nikasema hiyo ni yangu, na wenzangu wakanicheka mpaka nilipoitwa kwenye usaili.

Dar es Salaam, dirishani ubalozini. Nilikuwa nimeazima viatu vya dada yangu, vikanibana hata nikasahau kuogopa. Ofisa akaniuliza nitaishi wapi. Nikamwambia ukweli: hosteli ya mwajiri, kwenye hoteli yenye mabwawa ya michezo ya maji karibu na Savage, Minnesota. Likizo ikiisha je? Narudi kumalizia masomo. Akaichukua pasipoti yangu, nikajua nimepata. Viza ile ina masharti yake. Lazima ufanye kazi uliyopangiwa, na shirika linalokudhamini lijue unalala wapi. Ukiipoteza kazi, au wakikutafuta wasikuone, unarudishwa kwenu.

Moshi, siku chache kabla ya kuondoka. Mama alimpigia simu Baba mdogo Elisante, mdogo wake baba, aliyekwenda kusoma Marekani kabla sijazaliwa na sasa ni mhandisi anayeishi Fridley, kaskazini mwa Minneapolis. Sauti yake ilijaa sebule nzima. "Hosteli? Mtoto wa kaka alale hosteli na mimi nipo?" Mama akacheka kwa raha. Baba akatikisa kichwa, akasema Elisante hajawahi kuambiwa hapana akaelewa, tangu utotoni. Mimi sikuulizwa, nami sikusema kitu, maana kwetu huwezi kukataa kitanda cha ndugu.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul. Baba mdogo aliniona kabla sijamwona.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ndiyo mtindo?"

Pembeni yake alisimama mkewe, Mama mdogo Rose, na binti yao Imani, mwenye miaka tisa. Mama yake akamwambia anisalimie. "Hi, dada," akasema, akajificha nyuma ya sanduku langu. Hosteli haikutajwa. Tukapanda gari, tukaelekea Fridley.

Fridley, jioni ambayo haikutaka kuwa jioni. Tulikula ugali na mchicha uliochumwa nyuma ya nyumba, tukamaliza, tukaosha vyombo, na jua bado lipo. Nikauliza litazama lini. "Huku wakati wa joto jua halina adabu," alisema Mama mdogo. Nilionyeshwa chumba changu. Shuka zilikuwa mpya, ukutani kuna picha ya babu, na mezani chupa ya chai. Niliguswa sana, nikaona hata kuuliza habari za hosteli ni kukosa shukrani.

Wiki zile za kwanza nilitazama kila kitu kwa macho ya kijijini. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa njia panda zisizo na taa, ambapo kila gari husimama. Siku moja tulikutana magari manne, kila dereva akimpungia mwenzake atangulie, na hakuna aliyetangulia. "Hawa watu ni wapole mpaka basi," alisema Baba mdogo, naye akapunga mkono. Majirani walizungumza hali ya hewa kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani. Na kazini niliipenda kazi. Nilijifunza jinsi vyumba vinavyogawanywa kila asubuhi na jinsi mapokezi wanavyomtuliza mgeni mwenye hasira, nikawa nauliza maswali mpaka msimamizi wangu, Mkenya aitwaye Achieng, akaniita mwandishi wa habari.

Tatizo lilikuwa barabara. Fridley iko kaskazini, Savage iko kusini kabisa, ng'ambo ya mto, na basi la kunifikisha kwa shifti ya alfajiri halikuwepo. Baba mdogo alinipeleka kila siku, kisha akageuza kurudi kaskazini kazini kwake Roseville. Kiangazi ndipo barabara zote za huko hufumuliwa na kutengenezwa. Nikachelewa mara ya kwanza. Nikachelewa tena.

"Msichana, mimi nakupenda, lakini manager ameanza kuuliza," Achieng aliniambia. "Na watu wa sponsor walicall hosteli jana, wakaambiwa huishi huko. Unajua hiyo inaweza kukurudisha home?"

Niliwapigia wale wa shirika saa ya mapumziko. Walikuwa waungwana: wangeipokea anwani ya Fridley ikiwa mwajiri angethibitisha kwamba nafika kazini kwa wakati. Mwajiri hakuweza kuthibitisha. Nilipewa mpaka kesho yake niwe nimehamia hosteli, la sivyo viza ifutwe.

Fridley, jioni hiyo. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa "nahama kwako" uso kwa uso, anatafuta wa kumsemea. Nikamfuata Mama mdogo jikoni, nikamweleza yote.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Kazini kwake naye ameshaonywa kwa kuchelewa. Mimi nimesema mpaka nimechoka."

Hilo la kuonywa sikulijua. Nikaenda sebuleni, nikakaa chini kwenye zulia, nikasema. Baba mdogo akavua miwani.

"Tumekukosea nini?"

"Hakuna, baba mdogo. Ila nikiendelea kulala hapa, nitarudishwa. Nitakosa kazi, na hapa kwenu pia sitakuwepo."

"Nilipofika mimi hakuna aliyenipokea," alisema. "Nilikaa uwanja wa ndege na sanduku langu, natazama watu wanavyokumbatiana. Niliapa mtu wa kwetu hatafika huku akalala kwa watu baki."

Nililia, na yeye akafuta miwani yake.

Savage, asubuhi yake. Alilibeba sanduku mwenyewe mpaka ndani ya hosteli. Akajaribu kitasa cha mlango, akakagua godoro, akawauliza majina wasichana niliopangiwa nao chumba kimoja, mmoja Mjamaika na mwingine Mturuki, kisha akawatangazia kwamba wikiendi wote wanakula kwake, na hakuuliza kama wana nafasi. Kuanzia hapo sikuchelewa kazini tena. Anwani yangu ikathibitishwa. Siku zangu za mapumziko gari lake lilitujia, na yule Mturuki akawa hodari wa kusonga ugali kuliko mimi.

Siku ya kurudi. Baba mdogo alinisindikiza mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. "Kaka akikuuliza kama nilikutunza," alisema, "mwambie ulihama kwangu. Mwambie na sababu." Nikamshika mkono.

Moshi. Viza yangu iliisha salama, na chuo kikifunguliwa niko darasani. Nilikwenda kuona kazi za hoteli nikaziona, lakini kilichonitoa jasho kuliko zote kilikuwa kukaa juu ya zulia lile na kufungua mdomo. Baba alisikiliza habari yote bila kunikatiza.

"Akakuruhusu?" aliuliza.

"Aliniruhusu. Akanipeleka mwenyewe, na sanduku akabeba yeye."

Baba alitazama chini, akatabasamu, akainuka kuitafuta simu yake.

"Basi Elisante amekua," alisema.