Ngazi ya Mzee Timazi

Kuna watu huzaliwa na sauti ya kuamrisha, halafu kuna Bosi Karai. Jina hilo alibandikwa na mafundi kwa utani, maana alianza kazi za ujenzi akibeba zege kwenye karai kichwani, na leo ndiye msimamizi wa jengo zima. Mwenyewe alilipenda. Lilifanya watu wacheke, na mtu anayecheka ni rahisi kumtuma.

Aliyemwingiza kwenye kazi hiyo ni baba yake mdogo. Baba mzazi alipofariki, huyu alimchukua binti huyo wa kaka yake, akamlisha, akamsomesha mpaka pale uwezo ulipokomea, halafu akamwambia njoo tukae wote saiti, kazi ya mikono haimtupi mtu. Alikuwa mwashi. Mafundi wenzake walimwita Mzee Timazi, kwa ile kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Walisema ukipoteza timazi yako usihangaike, nenda kapimie ukuta wa mzee.

Bosi Karai alichoka kubeba, akaenda kusomea usimamizi wa ujenzi jioni, kwenye chuo cha ufundi, vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi. Usidhani ni masomo ya kukariri tu. Ni kujua kazi ipi itangulie ipi ifuate, mchanga ufike kabla ya mwashi, na fundi rangi asiitwe wakati fundi bomba bado anatoboa kuta. Hayo aliyashika haraka. Mwalimu wake, mama mmoja mkali aliyejenga mpaka magoti yakagoma, alikuwa na neno moja alilolirudia hadi wanafunzi wakalichoka: kosa la fundi lisemwe siku hiyo hiyo, kwa fundi mwenyewe, kwa mdomo wako wewe msimamizi. Kwenye mtihani swali hilo lilikuja, na Bosi Karai akalijibu vizuri sana. Karatasi haina macho ya kukutazama.

Akapata kazi. Mkandarasi alimpa shule ya ghorofa moja aisimamie, kwa majaribio: akiikabidhi bila lawama, atapewa jengo jingine, na akiharibu arudi kwenye karai lake. Naye kitu cha kwanza alichofanya ni kumwombea baba mdogo kazi ya kumalizia ngazi. Mkandarasi alisita, akasema mzee amechoka yule. Bosi Karai akaapa kwamba hapana, yule ndiye fundi.

Ngazi ikaanza kumaliziwa, naye akapita na futi yake kupima, kama alivyofundishwa. Kipandio cha tatu kilikuwa kirefu kuliko vya chini yake. Akapima tena, akidhani futi imepinda. Cha tano kilikuwa kifupi. Na kipandio si jambo la mzaha, bwana wee. Mguu hukariri urefu wa kwanza, kisha unakwenda wenyewe bila kuuliza. Ukikuta kimoja kimebadilika, mtu anakwenda chini kwa meno. Hapa watapita watoto, tena mbio, kengele ya kwenda nyumbani ikishalia.

Alijua la kufanya. Alimwendea mzee pale alipoinama, futi mkononi, maneno tayari mdomoni. Mzee akainua uso, akakunja macho kumtafuta, akasema, "Mwanangu, umekunywa maji leo? Jua hili kali."

Akajibu kwamba amekunywa, akaondoka zake. Hakuwa amekunywa.

Jioni, mzee aliposhaondoka, alimwita fundi wa vigae, mtu wa makamo mwenye mdomo mrefu lakini mkono safi, akamwomba akwangue saruji ingali mbichi na kusawazisha. Fundi akauliza kwa nini asimwambie mwenyewe. Bosi Karai akasema sikio halipiti kichwa.

"Ni kweli," fundi akasema, "ila hapa sikio ndilo linalolipwa usimamizi."

Ndivyo ilivyokuwa siku zote zilizofuata. Mchana mzee alijenga, jioni wao wakabomoa na kujenga upya, Bosi Karai ameshika futi na kugeukageuka kama anaiba. Na alikuwa anaiba, tusifichane. Asubuhi mzee alirudi, akapanda juu ya kazi ya mtu mwingine akidhani ni yake, akaendelea pale alipoishia. Vibarua walijua. Wabeba maji walijua. Walikonyezana mzee akipita, na Bosi Karai aliwaona, akakosa ujasiri hata wa kuwakemea, kwa sababu angewakemea kwa kosa gani ambalo yeye hakulianzisha? Alijiambia kwamba anamtunzia mzee heshima yake. Usiku kitandani alijua ni uoga, akaona aibu hata gizani.

Jumamosi moja mzee alimleta mkewe. Mama mdogo alikuja amevaa nguo yake ya kutokea, na mzee akamshika mkono, akampandisha ngazi taratibu, kipandio kwa kipandio, akimwonyesha. Alimwambia afumbe macho apande, aone kama mguu utajikwaa. Mama mdogo akafumba, akapanda, hakujikwaa, akacheka kama msichana. Mafundi wakaacha kazi wakamsifu mzee, mmoja akimkanyaga mwenzake mguu asicheke. Bosi Karai alikuwa amesimama pale pale. Walipomgeukia na yeye aseme neno, alisema, "Baba mdogo, mkono wako haujazeeka." Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya vipandio vitatu vya mwisho, mzee aliondoka akasahau mwiko wake. Fundi gani husahau mwiko? Ni yule asiyeuona. Aliuacha juu ya lundo la mchanga, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, na fundi wa vigae alipoukuta akaona ni mwepesi kuliko wa kwake, akaanza kuutumia. Mzee akarudi kuufuata. Alisimama chini ya ngazi, akasikia mkwaruzo, akapanda mpaka juu, akamkuta mwenzake amepiga magoti anasawazisha kipandio kwa mwiko ule ule, na binti yake ameshika futi.

Bosi Karai akasema uongo wa kwanza uliomjia. Alisema mkandarasi amebadilisha vipimo, ametoa amri leo leo.

Mzee aliinama, akaanza kushuka huku akipapasa kila kipandio kwa kiganja, kimoja baada ya kingine, mpaka chini. Kisha akauliza, bila hasira, "Siku ile nilipomleta mke wangu, nilimwonyesha kazi ya nani?"

Fundi wa vigae aliteremka, akaufuta mwiko kwenye suruali yake, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili, akatafuta njia akapotea. Mzee naye akaenda. Vipandio viwili vilivyobaki viliachwa vilivyo, vikakauka na kasoro zao.

Usiku huo Bosi Karai hakulala. Alitunga namna ya kuomba msamaha, akaitungua, akatunga nyingine. Alikusudia kwenda nyumbani kwa mzee kabla ya kazi, apige magoti mlangoni, mama mdogo awepo. Lakini alipotoka alfajiri akapitia saiti kuacha funguo, alimkuta mzee ameshafika, amekaa juu ya tofali, mwiko mapajani.

Watu wakakusanyika kugawiwa kazi kama kawaida. Mzee akasimama, akaja mbele.

"Waliokuwa wananicheka ni hawa," akasema. "Basi niambie mbele yao."

"Baba mdogo, twende pembeni tuongee."

"Baba mdogo yuko nyumbani. Hapa kuna fundi. Sema."

Fundi wa vigae alikuwa anaangalia viatu vyake. Uso wa Bosi Karai uliwaka, masikio yakamvuma, na maneno aliyoyaandika vizuri kwenye mtihani yakamtoka moja moja, kwa sauti isiyo yake.

"Fundi, vipandio viwili vya juu havilingani. Na vya chini havikulingana pia, nikavirekebisha kwa kificho badala ya kukwambia siku ile ile. Macho yako hayaoni vizuri. Vile viwili uvibomoe."

"Sawa, msimamizi," mzee akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Tangu siku alipopata cheti, Bosi Karai alilisubiri neno hilo kutoka mdomo ule. Hata jikoni kwa mama mdogo alikuwa akilichokoza kwa utani, na mzee humjibu siku zote kwamba kwake yeye ni mwanangu tu. Sasa amelipata, mbele ya watu wote, na angelirudisha kama lingerudishika.

Mzee akachukua nyundo na patasi, akapanda, akavibomoa mwenyewe, hakutaka msaidizi. Kisha akakusanya kifusi ndani ya karai. Mchana jua likawa kali kweli kweli, na yeye akapita mbele ya binti yake mara kadhaa, karai begani, akimwamkia kwa kichwa kama fundi yeyote anavyomwamkia bosi wake. Hakumuuliza kama amekunywa maji.